UZI WA MALALAMIKO: Mmekihukumu A Confederacy of Dunces kwa kopi ya sura mbili na tafsiri ya mashine

Wakuu wa Arusha na Moshi, salaam.

Sitazunguka. Mjadala wa riwaya ya John Kennedy Toole uliofanyika hapa mjini umeharibiwa na walioandaa, na ubishi uliohamia kwenye magrupu ya WhatsApp baada ya pale unatia hasira. Upande mmoja unasema kitabu ni takataka: jitu la miaka 30 limekaa kwa mama yake, linakula, linabeua, linatukana kila mtu. Upande wa pili unasema ni kazi ya kipaji kwa sababu ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1981. Basi. Muda wote wa mjadala hakuna aliyefungua kitabu, akasoma sentensi moja kwa sauti, akasema "hapa ndipo kicheko kilipo" au "hapa kichekesho kimemfia mwandishi mkononi".

Nianze na kopi. Waliohudhuria waligawiwa sura 2 za mwanzo, na kitabu kina sura 14. Tena kopi yenyewe imetolewa kitabu kikiwa hakijafunguka vizuri kwenye kioo, kwa hiyo maneno ya upande wa mshono yamemezwa na kivuli cheusi. Kila mstari unakosa neno moja au mawili. Uchekeshaji wa Toole upo kwenye mpangilio wa sentensi: Ignatius, mhusika mkuu, anaanza kwa kishindo cha mwanazuoni, anapanda, anapanda, halafu mwisho wa sentensi anaangukia kwenye donati au gesi ya tumboni. Ukimkatia msomaji mwisho wa mstari umemkatia kichekesho chenyewe.

Na ndani ya sura hizo 2 kuna nini? Ignatius Reilly amesimama chini ya saa ya duka la D. H. Holmes jijini New Orleans, kofia ya kijani yenye vifunika masikio kichwani, anamsubiri mama yake huku akikagua mavazi ya wapita njia. Askari Mancuso anataka kumkamata, lakini anayeishia kituoni ni mzee wa watu aliyeingilia tu. Mama na mwana wanajificha baa ya Night of Joy, mama anatoka amelewa, gari lao aina ya Plymouth linavamia jengo, na familia inabaki na deni la dola elfu moja na ushee. Hapo ndipo kopi inapoishia, Ignatius hajapata kazi hata moja. Mtego ndio kwanza unategwa, nanyi mmeshatoka hadharani kutangaza kwamba hakuna kitakachonaswa.

"Hakina mtiririko." Hili nimelisoma mara nyingi mpaka basi. Lalamiko lenyewe lina umri mkubwa; katika miaka ya 1960 mhariri Robert Gottlieb wa Simon & Schuster alibadilishana barua na Toole kwa muda mrefu, na kilichomkwaza kilikuwa hichohicho, kwamba kitabu hakina jambo kinalolizungumzia. Lakini Gottlieb alikuwa amekisoma chote. Nyie chukueni kitu kimoja tu mkifuate: kile kitabu cha Boethius anachokitukuza Ignatius, Faraja ya Falsafa, kilichoandikwa gerezani katika karne ya 6. Kinatoka nyumbani kwa akina Reilly kinafika mikononi mwa askari Mancuso, ambaye bosi wake amempanga kulinda vyoo vya stendi ya mabasi akiwa amevalishwa mavazi ya ajabu. Kule chooni kijana anayeitwa George anakiiba. Kutoka kwa George kinafika kwa Lana Lee, mwenye ile baa ya sura ya kwanza, ambaye anapiga picha za uchi za kuuzia wanafunzi na anahitaji kitu cha kujifunikia uso. Anajifunika na Boethius. Ignatius, ambaye wakati huo anasukuma kigari cha soseji, anaikuta ile picha na kuamini kwamba mjini kuna mwanamke msomi wa falsafa ya kale. Anamfuata hadi baa akiwa bado amevaa vazi la biashara la kiharamia, hereni sikioni. Jukwaani kuna kasuku wa kishungi aliyefundishwa kuvuta pete zilizoshonwa kwenye vazi la mnenguaji. Kasuku anaiona hereni.

Yanayofuata someni wenyewe. Ila angalieni kazi iliyofanyika: kitabu kimoja kimepita mikono minne, na kila aliyekishika alikuwa na sababu yake ndogo ya kijinga isiyohusiana na mwenzake, na mwisho wote wanakutana mlango mmoja usiku mmoja. Wakati huohuo Ignatius anahubiri kwamba kila kinachompata ni mzunguko wa gurudumu la Fortuna, mungu wa kike wa bahati. Msomaji anaona mkono wa nani umelisukuma gurudumu kila mara, yeye haoni. Mnaposema hakina mtiririko mnamaanisha hamkufika.

Sasa tafsiri. Kuna faili la Kiswahili linazungushwa, limepitishwa kwenye mashine na hakuna mtu aliyelihariri. Nimelipitia. Hot dog, ule mkate wa soseji, imekuwa "mbwa moto", kwa hiyo kwa sura nzima jamaa anauza mbwa. Kiwanda cha Levy Pants, ambacho Levy ni jina la ukoo la mwenye kiwanda, kimekuwa "Suruali za Tozo". Vali ya Ignatius imeachwa "vali" hivihivi, na wachangiaji watatu wameandika kwamba ana bomba tumboni. Anachokisema ni ule mlango wa chini wa tumbo la chakula, unaofungulia chakula kwenda utumbo mwembamba. Ignatius anadai unajifunga kila dunia inapomuudhi, na hasa kila anapoambiwa afanye kazi. Ni ugonjwa unaotii ratiba ya mgonjwa. Usipojua hilo, robo ya vichekesho imepita juu ya kichwa chako na kosa si lako.

Kubwa zaidi ya hayo, mashine imewapa wahusika wote sauti moja. Hiki ni kitabu cha lafudhi. Mwanzoni kabisa Toole ameweka maneno ya A. J. Liebling kuhusu matamshi ya New Orleans yanavyofanana na ya mitaa ya kando ya New York. Mama anaongea Kiingereza cha uswahilini kwao, mwanawe aliyesoma hadi chuo kikuu anaongea kama mtawa wa karne ya 12, na wanaongelea vyombo vichafu. Mgongano huo ndio chumvi. Mfasiri mwenye akili angempa Ignatius Kiswahili cha mhadhara, chenye hadhari, taadhima na kadamnasi. Mama angempa Kiswahili cha kibarazani mtaani Kaloleni, Arusha. Na Jones, mfagiaji wa baa, angempa ulimi wa kijana wa Ngarenaro asiyemaliza sentensi bila "oya". Mashine imewapa wote Kiswahili cha maelekezo ya dawa.

Halafu swali lililoandikwa ubaoni siku ile: "Ignatius anatufundisha nini?" Jamani. Tumekaririshwa fani na maudhui tangu sekondari, dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, na kila kitabu tunakifungua kama tuna pepa kesho yake. Mhusika mkuu asipokuwa wa kuigwa tunaona mwandishi amekosea. Lakini mnamjua Abunuwasi. Anadanganya, anadhulumu, anaharibu mali za watu, na hakuna aliyewahi kudai awe mfano kwa vijana. Tofauti ni kwamba Abunuwasi anajua anachofanya, Ignatius hajui. Kwenye kile kiwanda cha Levy Pants amepewa kazi ya kupanga mafaili, anayatupa kwenye pipa la taka na kusifiwa kwa usafi wa meza. Anaandika barua ya matusi kwa mteja, anaweka jina la bosi, na kiwanda kinadaiwa dola 500,000 mahakamani. Yeye anaamini ameokoa kampuni. Riwaya nzima imesimama kwenye pengo hilo, kati ya anavyojiona na alivyo, na pengo halina ujumbe wa kuandika ubaoni.

Na nyie mnaokisifia, msidhani nimewasahau. Mnachosimulia ni mauti ya Toole. Ndiyo, alijiua mwaka 1969 akiwa na miaka 31. Ndiyo, mama yake, Thelma, alihangaika na mswada kwa miaka mpaka akamlazimisha mwandishi Walker Percy ausome, na ukatoka mwaka 1980 kwenye shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, nakala 2,500 tu kwa kuanzia. Inauma. Lakini huzuni ya mama haimchekeshi msomaji aliyekwama katikati ya kitabu. Mkiambiwa "onyesha panapochekesha" mnarudi makaburini. Hiyo ni kumwonea Toole mara ya pili, maana alitaka asomwe.

Ninachodai ni hiki. Mjadala urudiwe, na kopi zisitolewe tena. Kitabu kina kurasa karibu 400. Ukitoa kurasa mbili mbili ni karatasi 200, kwa shilingi 100 ni 20,000 kabla ya baindingi, kila mtu, kwa kitu kisichosomeka na kisicho halali. Nakala 3 halisi za kuzungusha, kila mtu akikaa nayo wiki 2, zinatosha watu 12 ndani ya wiki 8. Na lile faili lifutwe kwenye magrupu.

Naomba kuwasilisha.

———

Jibu la 4

Mleta uzi, kwenye kopi na tafsiri nipo nawe. Lakini unawapakaza wote wanaokikataa kana kwamba hawajasoma. Tuliosoma sura zote 14 huku Moshi tuna lalamiko ambalo halitibiwi na nakala nzuri. New Orleans nzima ina lafudhi, Toole mwenyewe anakubali hapo mwanzoni. Sasa kwa nini tahajia ivunjwe zaidi kwa Jones, mtu mweusi, kuliko kwa yeyote? Ignatius naye amezaliwa hapohapo, maneno yake yameandikwa safi. Pili, sherehe ya nyumbani kwa Dorian Greene, mmoja wa wahusika. Pale mashoga ni mapambo tu, kelele na mavazi, hakuna hata mmoja mwenye nia yake, wakati hata bibi kikongwe Miss Trixie kiwandani ana anachokitaka, astaafu. Hilo si suala la ujumbe. Ni fani, na imelegea.

———

Mleta uzi

Mkuu wa Moshi, haya ndiyo nilikuwa nayatafuta, ahsante.

Kwenye sherehe sina utetezi. Ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na umetaja sababu sahihi: ukimnyima mhusika anachokitaka, kinachobaki ni vazi. Tena inakuja wakati mtego unapaswa kukaza, ikaupunguzia kasi.

Kwa Jones tutabishana. Tahajia ni kweli, na mwandishi mzungu wa miaka ile hakuwa nje ya mazoea ya wenzake. Lakini soma anachokisema, acha kilivyoandikwa. Anafagia kwa dola 20 kwa wiki, chini ya kima cha chini, kwa sababu askari wameshamwambia asipokuwa na kazi atakamatwa kwa uzururaji. Lana Lee anajua hilo ndiyo maana anamlipa hivyo. Msomaji yeyote wa hapa anayekumbuka msako wa Nguvu Kazi wa mwaka 1983 anaielewa hesabu hiyo bila maelezo: kazi yoyote, kwa bei yoyote, ilimradi usikutwe barabarani mikono mitupu. Na katika watu wote wa riwaya ile, Jones pekee ndiye anayeona mambo yanavyoungana. Yeye ndiye anamvuta Ignatius aingie baa usiku ule, kwa makusudi, ili mwajiri wake aharibikiwe. Ignatius aliyewahi kuongoza wafanyakazi weusi wa kiwandani kwenye maandamano bila kuwauliza wanataka nini anaishia kuwa chombo mkononi mwa mfagiaji. Sidhani kama hilo limetokea kwa bahati mbaya.

Njoo nalo kwenye mjadala. Tutaanza na sura ya 1 hadi ya 4, kila mtu na ukurasa mmoja alioukunja, wa kusifu au wa kulaumu, ausome kwa sauti kwanza ndipo aongee. Anayetaka zamu ya kitabu aandike hapa chini na ataje yuko Arusha au Moshi, maana nakala itakayokuja huko itabidi irudi ndani ya zile wiki 2.