Naomba ushauri: darasa la watoto 70, wanajibu wale wale watano

Walimu wenzangu wa Bukavu, huku mashariki mwa Kongo (RDC), na kwingine, habari za kazi. Tangu masomo ya msingi katika shule za serikali yafanywe bure mwaka 2019, madarasa yamejaa. Ukiuliza "mmeelewa?", wote wanaitika "ndiyo". Jibu hilo halipimi kitu.

Kinachosaidia: uliza swali, nyamaza sekunde 3 hadi 5, ndipo utaje jina. Ukitanguliza jina, wengine wanaacha kufikiri. Aliyekwama aongee kidogo na jirani wa benchi, kwa Kiswahili au Mashi (lugha ya huku kwetu), kisha ajibu kwa Kifaransa akitumia maneno yaliyoandikwa ubaoni. Vibao vidogo vya chaki ni bora zaidi, maana wote wanainua pamoja na kosa linaonekana mara moja.

Lakini wa benchi za nyuma, wanaobanana wanne wanne, wananakiliana. Na watoto wenye haya wanaogopa kuchekwa wakikosea Kifaransa, kwa hiyo wananyamaza hata wakijua. Hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Mnawapangaje nyuma? Na kosa la mtoto, mnalisahihisha papo hapo ama mnangoja amalize sentensi? Mimi naona kungoja ni afadhali, hasa kwa mwenye haya. Nisaidieni, tafadhali.