Mrejesho: Boti ya kwenda Takwa na mama

Niliuliza kama boti ya kutoka Lamu mjini inaweza kumfikisha mama Takwa, yale magofu ya mji wa kale kule kisiwa cha Manda, bila kukanyaga tope. Inaweza, ahsanteni nyote. Nahodha alikataa katakata kuondoka kabla maji hayajajaa, maana yakitoka, ule mkono wa bahari wenye mikoko, unaoingia Takwa, hubaki matope matupu. Ndani alizima mashine akasukuma kwa upondo, matawi yakikwaruza turubai juu ya vichwa vyetu. Mama alishuka miguu mikavu, akaenda moja kwa moja kuutazama msikiti wenye nguzo juu ya kibla. Kumtoa pale ilikuwa kazi, na maji hayangoji mtu! Bei mpatane ya boti nzima kabla ya kupanda, na kama mna mtoto, jaketi yake ya kuokolea muidai mapema.