Ng'ombe wa udongo amepasuka miguu: tumekosea wapi?

Mama Kato, Jinja
Hamjambo ndugu zangu. Mimi na mwanangu wa miaka mitano tulichimba udongo wa kijivu kwenye kinamasi, penye mafunjo, tukafinyanga ng'ombe wa Ankole. Miguuni tulitia vijiti ili asimame, macho yakawa maharage makavu, na pembe zile ndefu tukazifinyanga kwa udongo uleule. Tulimwanika juani asubuhi. Kufikia jioni miguu yote minne ilikuwa na nyufa, pembe moja imeanguka, na maharage yamevimba hadi ng'ombe akaonekana ametumbua macho. Mtoto alilia sana. Tumekosea wapi?

Mfinyanzi, Masaka
Pole, Mama Kato. Udongo wenu hauna neno. Udongo ukikauka hunywea, lakini kijiti kilichomo ndani hakinywei, kwa hiyo ule unaokizunguka hauna budi kupasuka. Maharage nayo yamefyonza maji ya udongo. Safari hii finyangeni miguu mifupi na minene isiyo na kijiti, mkwaruze pale inapokutana na tumbo, mpake tope zito kama uji, ndipo muishikize. Mchanga laini kidogo ukikandwa pamoja na udongo hupunguza kunywea. Pembe msizifinyange kabisa, maana udongo mwembamba kiasi hicho hauvumilii mikono ya mtoto: toboeni mashimo mapana kidogo kuliko vijiti, na ng'ombe akishakauka mchomeke vijiti vilivyopinda. Juani nje hukauka kabla ya ndani. Mwekeni kivulini, mkimfunika kwa jani la mgomba siku mbili za mwanzo.

Mwalimu wa chekechea, Kampala
Nakubaliana na mfinyanzi, ila maharage msiyatupe. Mtoto ayabonyeze kisha ayatoe, na alama inayobaki ndiyo jicho. Nyasi kavu hazina nguvu ya kupasua udongo, ndiyo maana wanafunzi wangu huzitumia kumvika taji korongo, yule wa kwenye bendera yetu. Ombi moja: mtoto asiingie majini wakati wa kuchimba, kwa sababu ya kichocho.

Mama Kato, Jinja
Asanteni sana. Ng'ombe wa pili yuko chini ya jani la mgomba tangu jana, na miguu haijapasuka, ingawa mwenye ng'ombe anamfunua kila mara kumwangalia kama ameamka.