Ukaguzi wa usalama na afya shule ya bweni, Igombe: tuanzie wapi?

Mratibu_Igombe

Habarini wakuu. Shirika letu lina shule ya bweni ya wasichana 160 huku Igombe, Mwanza, mita kama 300 kutoka Ziwa Victoria. Tuna mabweni mawili, jiko la gesi, matenki mawili ya lita 5,000 yanayojazwa kwa pampu ya ziwani, na boti ya injini inayopeleka wafanyakazi visiwani mara mbili kwa wiki. Mfadhili wa Uingereza anataka ripoti ya ukaguzi wa usalama na afya ndani ya wiki sita. Katuletea fomu yake ya maswali 140. Ukurasa mzima unauliza habari za barafu njiani na mitambo ya kupasha madarasa joto. Radi haimo, ziwa halimo, nondo za madirisha hazimo.

Naomba msaada: tuijaze hivyohivyo au tutengeneze ya kwetu? Tunaweza kujikagua wenyewe? Na kwa kuwa hela ya marekebisho ni kidogo, kipi kitangulie?

Mkaguzi_Nyakato

Mkuu, kuna vitu vitatu watu huvichanganya. Kuzunguka kila wiki kuona taa iliyoungua na kitasa kilichovunjika ni kazi yenu wenyewe. Tathmini ya vihatarishi ni kukaa chini na kujiuliza kazi fulani inaweza kumuumiza nani, na kwa njia gani. Anachotaka mfadhili ni cha tatu: kuthibitisha kwamba hayo mawili yanafanyika kweli, kwa nyaraka, kwa macho na kwa kuwahoji watu. Hapo tafuteni mtu asiyelipwa na shule. Kama hela hakuna, badilishaneni na shirika jirani: ninyi mkawakague wao, wao waje kwenu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, haiulizi kama mnatafuta faida au mnatoa msaada. Mna walimu, mpishi na mlinzi, basi hapo ni mahali pa kazi na panasajiliwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa mfumo wake wa mtandaoni uitwao WIMS. Ofisi ya Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza. Moto ni habari nyingine, uko kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Sheria Na. 14 ya 2007. Cheti cha mmoja hakifuti cha mwenzake.

Kwenye fomu, barafu ifute. Safu ya asbesto, vifaa vya ujenzi vyenye nyuzi ambazo vumbi lake ni hatari kwa mapafu, usiiguse ukidhani ni mambo ya Ulaya. Majengo ya zamani huku yapo yaliyoezekwa kwa asbesto. Kama ipo, andika iko jengo gani, isitobolewe wala kukwanguliwa, na vumbi lake lisifagiliwe kavu.

Sasa twende bwenini, maana huko ndiko ukaguzi mwingi unakofeli. Mkaguzi huja saa nne asubuhi, milango yote iko wazi, anaweka tiki na kuondoka. Njoo saa tano usiku. Angalia kufuli liko upande gani wa mlango, ufunguo anao nani, na huyo mtu analala wapi. Kama matroni analala nyumba ya pili na ufunguo uko chini ya mto wake, bweni hilo halina mlango. Moto wa bweni la Idodi, Iringa, mwaka 2009 uliua wanafunzi 12, na nchi hii imeona mingine kabla na baada yake.

Milango iwe miwili, kila mmoja upande wake wa jengo, ifunguke kwenda nje, na usiku ifungwe kwa komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Mnaogopa wezi? Mchomeleaji aweke bati la kuziba ili mkono wa nje usilifikie komeo. Nondo za madirisha si lazima zing'olewe zote. Chagua madirisha mawili kila upande, fremu ya nondo iwekewe bawaba na komeo la ndani. Kwa nafasi, mwongozo wa Kenya wa usalama shuleni wa 2008 ni kipimo kizuri: mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, korido isipungue mita 2. Chukua futi kamba, pima. Usikadirie kwa macho, hasa vitanda vikiwa vya dabo deka.

Kisha fanya zoezi la kukimbia moto: piga kengele na saa mkononi. Ikizidi dakika mbili na nusu kabla msichana wa mwisho hajatoka, kuna kitu kimeziba, kitafute. Kinachoharibika mara nyingi ni kuhesabu: rejista ya bweni imefungiwa ofisini. Nakala ikae kwa mlinzi getini.

Na tahadhari kwa alama za 5 × 5, ambapo kila kihatarishi hupewa 1 hadi 5 kwa uwezekano na 1 hadi 5 kwa madhara, kisha mnazidisha. Sakafu ya jikoni inayoteleza hupata 4 × 2, yaani 8. Kufuli la nje bwenini hupata 1 × 5, yaani 5, linapakwa rangi ya kijani na kusubiri bajeti ya mwakani. Hesabu imeficha kinachoua. Wekeni kanuni kwamba chochote chenye madhara ya 5 ni chekundu, uwezekano wake uwe wowote.

AfisaAfya_Ziwani

Nachangia kwenye maji. Msichana mmoja anatumia lita kama 20 kwa siku, kwa hiyo 160 wanamaliza 3,200. Tenki la lita 5,000 linakwisha kwa siku moja na nusu. Hesabu hiyo ni muhimu kwa sababu vimelea vya kichocho huhitaji maji yatulie saa 48 ndipo vife vyenyewe, na kwa matenki mawili ya kupokezana mnapata saa 37 tu. Ama mwongeze tenki la tatu, ama muweke klorini hata kwenye maji ya kuogea. Mdomo wa bomba la pampu upelekwe mbele, upite matete, kwa kuwa konokono wa kichocho hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani.

Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65: gramu 15 kwa tenki lililojaa, hiyo ni kama miligramu 2 kwa lita. Unga ndio unaotiwa kwenye ndoo ya maji, usimwagie maji juu ya unga. Koroga, mimina, subiri nusu saa, kisha pima kwenye bomba la mbali kuliko yote, siyo hapo tenkini. Isomeke miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ikisoma sifuri, msikimbilie kuongeza dawa. Maji yana tope na tope limeila klorini yote. Yatulizeni kwanza kwa shabu.

Angalia pia kopo la klorini linakaa wapi. Ukilikuta stoo ya pampu karibu na dizeli na oili, hilo ni kosa la kurekebisha siku hiyohiyo. Unga huo ukigusana na mafuta unaweza kuwaka wenyewe.

Vyoo: tundu moja kwa wasichana 20, kwa hiyo manane. Hesabu yenye mlango, komeo na maji tu, lile lililogeuzwa stoo ya mafagio halimo. Wapishi wawe na vyeti vya afya vya ndani ya miezi 6. Na muulize mwanafunzi, siyo mwalimu: pampu ikifa, maji mnachota wapi? Jibu likiwa "tunashuka ziwani", basi mpango wenu wa kichocho upo kwenye karatasi tu. Dawa ya kumeza inaua minyoo waliomo mwilini, haizuii kuambukizwa tena kesho yake.

Mratibu_Igombe

Ahsanteni sana. Hiyo ya klorini na dizeli imenigusa, ndivyo vilivyokaa. Vipi radi, na hii mitungi ya kuzimia moto? Yote ina stika na geji iko kijani.

Fundi_Sakiti

Stika inaonyesha tu kwamba mtu alipita. Mtungi wa CO2, ule wa gesi ya kaboni dioksidi, hauna geji kabisa, kwa hiyo kama wote wana geji, ya CO2 hamna, na kwenye meini swichi ndiyo inayotakiwa. Mkiinunua, kila baada ya miezi sita ipimeni uzito kwa mizani ya kuning'iniza, ileile ya kupimia samaki pale soko la mwaloni Kirumba. Uzito kamili umepigwa chapa kwenye mtungi. Wa kilo 5 ukipungua nusu kilo, urudi kujazwa. Wa unga, kijani haitoshi, maana unga hugandamana chini mtungi ukisimama muda mrefu. Upindue polepole, sikiliza kama unga unateleza. Wa jikoni ukae nje karibu na mlango, siyo juu ya jiko, moto ukiwaka hamtaufikia. Mitungi ya gesi ya kupikia nayo ikae nje, mbali na mfereji wa maji machafu, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hushuka na kujikusanya chini. Viungo vya mpira vipimwe kwa povu la sabuni.

Umeme wa pampu uwe na swichi ya kukata umeme unapovuja, ile mafundi tunayoiita RCD, ya miliampia 30. Kubonyeza kitufe cha majaribio ni vizuri, lakini kitufe kitakata hata kama waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, umekatika. Ethi inapimwa kwa kifaa. Dai namba iandikwe kwenye ripoti, neno "nzuri" likatae.

Radi: fuateni waya wa shaba kwa macho kutoka kwenye fimbo juu ya paa hadi unapoingia ardhini. Mara nyingi kipande cha chini kimeshauzwa chuma chakavu. Mita 2 za mwisho zipite ndani ya bomba gumu. Ukinzani wa ardhi usizidi omu 10, na upimwe kiangazi, Julai au Agosti. Ukipima wakati wa masika udongo umelowa, namba inakuja nzuri na inadanganya. Penye miamba fimbo ya ardhini haishuki, kwa hiyo chimbeni mtaro na kulaza utepe wa shaba. Msimruhusu fundi amwage chumvi. Mvua huiosha ikaondoka, na ikiwepo inakula chuma.

Kwa watoto kanuni ni fupi: ngurumo ikisikika, wote ndani, na hakuna kutoka hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mahali pa kukusanyikia pasiwe chini ya mwembe, wala chini ya yale mawe yetu makubwa.

Mkaguzi, hapo kwenye zoezi sikubaliani nawe kidogo. La kwanza lisiwe la usiku. Msichana wa kitanda cha juu ataruka gizani avunjike mguu.

Mkaguzi_Nyakato

Nakubali. La kwanza mchana, la pili saa kumi na mbili jioni, la tatu ndiyo usiku, na majirani na sungusungu waambiwe mapema. Namba ya Zimamoto, 114, ibandikwe kwa mlinzi na bwenini. Kuhusu hela: makomeo na bawaba kwanza, klorini ihamishwe leo, haina gharama. Kila kasoro kwenye ripoti iwe na jina la mhusika, tarehe na bei. Mkiandika "uongozi utashughulikia", hakuna atakayeshughulikia.

Nahodha_Mwaloni

Boti mmeisahau. Kizibao cha kung'aa chenye nembo ya shirika si jaketi okozi. Tafuteni lebo ndani: iliyoandikwa 50 N (N ni nyutoni, kipimo cha nguvu ya kuelea) ni ya anayejua kuogelea na yuko karibu na nchi kavu, haimgeuzi aliyezimia uso ukaangalia juu. Chukueni 150 N, yenye filimbi, kwa idadi ya watu wote akiwemo nahodha, na za watoto ziwe saizi zao. Mvalishe mtu, shika mabegani uivute juu. Ikifika masikioni ni kubwa au mikanda haijafungwa. Utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, usomwe asubuhi, na safari ya kurudi ipangwe kabla upepo wa mchana haujaanza. Mafuta yajazwe boti ikiwa imefungwa, injini imezimwa, abiria wako nchi kavu.