Upasuaji, watoto au tiba ya familia? Nimekwama

NyarKisumu: Wakubwa, hamjambo. Niko mwaka wa mwisho wa udaktari hapa Kisumu. Mwakani ni intanshipu, na nyumbani washaanza kuniuliza nitakuwa "daktari wa nini".

Upasuaji naupenda kwa kuwa kazi yako unaiona. Mtu anaingia thieta amejikunja, baada ya siku mbili anaitisha uji. Lakini nimeona mwanafunzi akifokewa mbele ya mgonjwa hadi akalia, na hakuna aliyefungua mdomo, hata mimi. Nikikaa humo miaka mitano nitatoka mtu wa namna gani?

Watoto: malaria na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwetu haziishi. Nalala nikiwaza kitanda cha nne.

Tiba ya familia, yaani daktari mmoja kwa wote nyumbani, mtoto hata mzee, naipenda pia, ila ukiitaja tu unaulizwa, "Kwani ulikosa nafasi kwingine?"

KisuButu, Nakuru: Kufokeana ni tabia ya aliyekufunza, usiisingizie fani. Mimi nilipitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini: miaka miwili ya uanachama, mitatu ya ubingwa, yote nikiwa kazini hospitalini. Unashika kisu mapema, lakini wadi haikupi nafasi ya kufungua kitabu. Kilichonichukua muda mrefu zaidi kujifunza ni kusema "huyu tusimpasue" huku ndugu zake wamesimama mlangoni wakinisubiri nifanye jambo.

MamaWadi: Mimi ni muuguzi tu, Kakamega, ila nimewaona mkija na mkiondoka. Raundi ikiisha, huwa natazama mwanafunzi anarudi kwa nani bila kutumwa. Wewe binti yangu umeshajijibu: kitanda cha nne. Nenda watoto.

MlipaKaro: Msimjaze moyo tu, tumbo je? Nilitaka magonjwa ya akili, nikaishia radiolojia, kusoma picha za eksirei na kadhalika, kwa sababu wadogo zangu wanne karo yao ni mimi. Sijutii, na sikubali kuambiwa nimeuza wito. Kulipia wanne shule nako ni maadili. Ninachokosa ni kimoja: hakuna mgonjwa anayenijua kwa jina.

TabibuWebuye: Hilo swali la kukosa nafasi nimeulizwa hata na shemeji yangu, matangani! Shahada ya tiba ya familia hapa Kenya ilianzia Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005, ni miaka minne, na bado watu hudhani ni ya waliobaki. Juzi nilianza na mjamzito mwenye presha, mara mama mkwe wake aliyemsindikiza akasema na yeye miguu inawaka moto. Kumpima, sukari. Wote wawili sasa ni wangu.

MamaWadi, naheshimu jicho lako, lakini tumuulize kwanza: huko kitanda cha nne unafuata nini? Kama ni damu ya mtoto, nenda watoto. Kama ni yanayomngoja akirudi nyumbani, njoo huku.

NyarKisumu: Ni mvulana wa selimundu. Ameletwa mara tatu tangu Januari. Kila mara mamake anasema haidroksiurea, dawa yake ya selimundu, iliisha na hakuwa na nauli ya kuifuata. Sisi tunampa maji na dawa ya maumivu, tunamruhusu, tunamngoja tena.

MlipaKaro, mimi pia ni kifungua mimba, nimekusikia. Tabibu, naweza kuja wiki mbili likizoni nione?

TabibuWebuye: Njoo. Beba gambuti, zahanati zingine hazifikiki na viatu vya wadi.

MamaWadi: Na huyo mama, kabla hujaenda, muulize nauli ni ngapi.