Kompyuta 180, seva moja: niombe ya ukubwa gani?

FundiChake
Assalaam alaykum. Nipo Chake Chake, natunza kompyuta 180 za ofisi zilizotawanyika Wete, Mkoani, Micheweni na hapahapa mjini. Zote zina Puppet, programu ya kusimamia mipangilio ya kompyuta nyingi kutoka seva moja; kila nusu saa zinaleta ripoti. Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani tuliyoipandisha cheo: koa 4 (vichwa vya prosesa), RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500. Siku za kawaida imetulia kama pweza pangoni. Juzi umeme ukakatika saa tatu asubuhi, ukarudi saa tano, basi tena! Seva inalala robo saa, inazinduka, inalala tena, hivyo hivyo mpaka saa tisa u nusu. Bosi kaniambia niandike ombi la seva mpya. Niandike ngapi?

KisimaMajongoo
Wa alaykum salaam. Chukua RAM GB 64 umalize. Ukitoka kuomba leo hupati tena miaka mitano.

Mzee wa Logi
Usiandike kitu bado. Saa tisa u nusu seva haikupona, watu walizima kompyuta wakenda zao.

Ripoti si mzigo. Mzigo ni katalogi, yaani orodha ya mipangilio ambayo kompyuta inatakiwa iwe nayo, maana kila kompyuta kabla ya kuleta ripoti huitaka seva iitungie. Fungua logi ya seva (faili la kumbukumbu za matukio), tafuta mstari wa "Compiled catalog", utaona sekunde ngapi. Kwa koa 4, Puppet Server yako (programu ya Puppet upande wa seva) inatunga 3 kwa pamoja usipoigusa.

FundiChake
Nimeangalia. Wastani sekunde 12.

Mzee wa Logi
Basi 180 mara 12, gawa kwa 3: sekunde 720, dakika 12. Nusu saa ina dakika 30, seva inatosha na inabaki. Lakini Pemba tangu 2010 tunakula umeme wa kebo kutoka Tanga. Ukizimika huko, Wete na Mkoani zinalala pamoja na kuamka pamoja. Kompyuta zote zikaanza kuhesabu nusu saa dakika ile ile, kwa hiyo kila nusu saa zinagonga mlango kwa mkupuo.

Weka `splay = true` kwenye puppet.conf, faili la mipangilio ya Puppet, ya kila kompyuta. Kila moja itasubiri muda wake wa kubahatisha. Mimi nilikaa mwaka mzima siijui hiyo, nikanunua RAM bure.

Na ripoti unazifuta?

FundiChake
Kwani hazijifuti?

Mzee wa Logi
Hazijifuti, shekhe. Ripoti 16 kwa siku ya kazi mara 180 ni faili 2,880. Ikiwa kila moja KB 100, siku mia za kazi zinakula karibu GB 29. Weka kroni, kazi inayojiendesha yenyewe kwa ratiba, zaidi ya wiki mbili futa.

FundiChake
Nimeweka splay Jumatatu. Jana umeme ukakatika tena, ukarudi, seva haikutikisika. Folda ya ripoti ilikuwa na GB 71, nimefuta kwa saa nzima diski inalia. Ombi nimeliandika upya: SSD moja (diski isiyozunguka) na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika). Bosi kalisoma, akaligeuza nyuma, akaniuliza seva mpya iko wapi.