Laptopu inaishia kwenye kistari cheupe tu. Nifomati upya?

MamaPacha
Wakuu, habari za saa hizi. Naombeni msaada wa haraka. Laptopu yangu tangu Jumapili haifiki kwenye Windows. Nikiiwasha, feni inazunguka, nembo inapita, halafu skrini inabaki nyeusi na kistari kimoja cheupe kinapepesa juu kushoto. Juzi nilikisubiri dakika 40. Ndani kuna kitabu cha mteja ninachokipanga, kurasa 212, anakitaka Ijumaa. Flashi ya Windows ninayo. Swali langu ni moja: nikifomati upya, itapona?

Babu Waya
Pole binti. Toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30, rudisha. Yangu iliwahi kugoma hivyo hivyo, nikahangaika wiki nzima, kumbe kebo ya diski imechomoka nusu. Ukiitazama kwa juu unaona imekaa sawa, mpaka uiguse kwa kucha ndipo inacheza. Tangu siku hiyo kitu kikigoma naanza na waya.

Karani Mzee
Dada, nakala ya hicho kitabu iko wapi? Kazi ya mtu ni amana. Huwezi kukaa na kurasa 212 za mwenzio mahali pamoja halafu unazungumzia kufomati.

MamaPacha
Nakala nilikuwa nayo, ila haipo tena. Betri nimetoa, hakuna badiliko. Jamani naombeni mnijibu kuhusu kufomati, nataka nianze usiku huu huu.

Fundi Kimya
Usifomati. Kistari hicho mara nyingi maana yake bayosi (programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows) imemaliza kazi yake, imetafuta pa kuwakia haikupaona. Diski yako inaweza kuwa nzima kabisa na kitabu kimetulia ndani. Niambie mawili: kwenye USB kuna nini, na Windows iliwekwa lini?

Kasuku
Fundi kagusa penyewe. Chomoa flashi, diski ya nje, mpaka kisoma kadi. Bayosi ikiwa imepangwa ianze na USB, inaikuta diski isiyo na mfumo endeshi na inakwama hapo. Kwangu ilikuwa diski ya filamu. Nikiichomoa mashine inawaka, nikiirudisha inalala.

MamaPacha
Hakuna kilichochomekwa. Diski ya nje ilikuwepo, imeondoka Jumamosi.

Fundi Kimya
Imeondoka Jumamosi, mashine ikagoma Jumapili. Dada, hiyo diski ni ya nani, na ilikuwa imechomekwa siku unaweka Windows?

MamaPacha
Haya. Ni ya kaka yangu. Wiki mbili zilizopita niliweka Windows 10 mwenyewe, na mafaili yangu yote nilikuwa nimeyahifadhi kwenye diski yake, kwa hiyo niliiacha imechomekwa nisiisahau. Ikabaki hapo muda wote, mashine ikawaka vizuri kila siku. Jumamosi alikuja kuichukua. Nilikuwa nimesharudisha mafaili ndani, nikafuta yangu kwake nisimjazie.

Jumatatu akanipigia kwa hasira. Anasema nimempa diski yenye ugonjwa: akiwasha kompyuta yake ikiwa imechomekwa, inatoa ukurasa wa bluu na namba 0xc000000e. Tumerushiana maneno mabaya. Sikutaka kuliweka hapa kwa sababu ni mambo ya nyumbani. Na kufomati naona ndiyo njia safi, siwezi kumwomba diski tena.

Bi Subira
Mwanangu, wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mpigie leo, usingoje Ijumaa. Mimi na dada yangu tulinuniana miaka 4 kwa ajili ya cherehani. Cherehani yenyewe ilishakufa zamani, sisi bado tunapitana kama wageni. Mpigie.

Mdadisi
Nimesoma uzi wote mara mbili na haukai. Mwanzo hakuna diski. Kisha ilikuwepo. Sasa diski moja imeua kompyuta mbili kwa namna mbili zinazopingana: ya dada haiwaki BILA diski, ya kaka haiwaki IKIWA NA diski. Kila mtu anajua dawa ni kuchomoa. Hadithi hii imetungwa, watu wanapotezewa muda.

MamaPacha
Ndugu, nina mteja anayenisubiri na kaka asiyepokea simu. Nitunge ili nipate nini?

Kasuku
Hata mimi nimeanza kuwa na shaka. Kwangu ilikuwa kinyume kabisa.

Fundi Kimya
Haijatungwa. Mdadisi, hizo mbili unazoziona zinapingana ndizo zinazothibitisha. Kwenye mashine za bayosi ya zamani, Windows inaweza kukaa kwenye diski ya ndani huku faili za kuwashia zikiandikwa kwenye diski ambayo bayosi inaihesabu ya kwanza. Siku ile unaweka Windows, diski ya kwanza ilikuwa ya kaka. Kwa hiyo nyumba iko kwa dada, ufunguo kaondoka nao kaka. Kwake, bayosi inaanza na USB, inaukuta ufunguo, ufunguo unatafuta nyumba ambayo haipo. Namba aliyoitaja ndiyo inayotoka kifaa kinachohitajika kisipoonekana. Hakuna ugonjwa.

Dada, diski ya kaka huihitaji. Washa kwa flashi. Kwenye ukurasa wa lugha bonyeza Shift na F10, lifunguke dirisha jeusi. Andika `diskpart`, kisha `list disk`. Tazama safu ya Gpt (mpangilio mpya wa diski): kama diski yako ya ndani haina nyota, tuko sawa, endelea. Ikiwa na nyota simama uniambie. Kisha `select disk 0` (hakikisha kwa ukubwa kwamba ndiyo ya ndani), `list partition`, chagua patisheni (sehemu ya diski) yenye Windows, `active` (kuipa alama ya kuwashia), `exit`. Tafuta herufi yake kwa `dir C:\Windows`. Ikikataa jaribu D. Halafu:

`bcdboot C:\Windows /s C: /f BIOS`
`bootrec /fixmbr`

Usiandike `clean` wala `format` popote.

Babu Waya
Na chaja iwe imechomekwa. Mashine isizimike katikati.

MamaPacha
Nyota hakuna. Diski ya ndani ina patisheni moja tu, na nilipoandika `detail partition` ilisema Active: No. Nimefanya yote, bcdboot imekubali. Nimewasha, kistari kimerudi kile kile. Basi nafomati, Fundi, nakushukuru kwa muda wako.

Fundi Kimya
Na fixmbr uliandika?

MamaPacha
Hapana. Niliogopa itafuta kitabu.

Fundi Kimya
Haigusi mafaili. Inaandika upya maelekezo madogo ya mwanzo kabisa wa diski, yale ambayo bayosi inayasoma kabla ya kitu kingine. Diski yako huenda haijawahi kuwa nayo. Rudia hiyo moja tu.

MamaPacha
IMEWAKA. Nimechomoa flashi, nimezima, nimewasha mara tatu. Kitabu kipo, ukurasa wa 212 uko pale pale nilipouacha. Nimekinakili kwenye flashi mbili kabla ya kuandika hapa. Mikono inanitetemeka.

Mdadisi
Dada, nisamehe. Nilikuhukumu bila kujua.

MamaPacha
Yameisha ndugu yangu. Kaka nimemtumia maelezo ya Fundi kama yalivyo, kajibu neno moja: "Nakuja." Anakuja kesho na diski. Kwake tunafanyaje?

Fundi Kimya
Mafaili yake ni mazima. Awashe kwanza kompyuta, ndipo achomeke diski. Afungue dirisha jeusi kwa ruhusa ya msimamizi, `diskpart`, achague diski hiyo ya nje na patisheni yake, aandike `inactive`. Na kwenye bayosi aweke diski ya ndani iwe ya kwanza.

MamaPacha
Hiyo `inactive` naweza kuiandika hapa kwangu?

Fundi Kimya
Unaweza, mashine yoyote iliyokwisha kuwaka. Ila linganisha ukubwa kwenye `list disk` mara mbili kabla hujachagua. Ukiikosea ukaichagua ya ndani, tutaonana tena hapa.